Waogeleaji Ukutani kwa Mzee Makori

Miaka ya sabini, kila kiangazi kilipokaribia na watu wa Mombasa na Nairobi wakianza kurudi nyumbani na masanduku yao, kina mama wa Keumbu walipanda kilima kwenda kwa Kemuma kuagiza vitambaa vya bahari. Kila mmoja alitaka viti vyake vivae pwani. Huyu alitaka samaki, yule kombe, mwingine minazi iliyoinama kama wazee wanaosikiliza kesi. Kemuma aliwasikiliza, akaguna, akashika sindano. Alishona kwa misalaba, uzi ukikatiza uzi, msalaba ukibanana na msalaba kama watu kwenye baraza la chifu, na ukikigeuza kitambaa ulijiuliza kama kina upande wa nyuma. Watu waliapa kwamba samaki wake wakianikwa uani, paka wa lokesheni nzima hufunga safari.

Lakini umbo la mtu hakulishona. Ukimwomba akutilie hata mtoto mdogo anayechota mchanga, alikukunjia nyuzi zako akakurudishia. Wengine walisema ni dini. Wengine walisema hajui kushona pua. Haikuwa dini wala pua, ilikuwa hofu, na hofu hiyo ilianza mwaka wa sitini na tisa, Drusilla alipokuwa akiolewa.

Kemuma alikuwa mwoga tangu utotoni. Inasemekana aliogopa hata kivuli chake, akawa anakwenda kisimani saa sita tu, jua likiwa utosini, ili kivuli kijifiche chini ya nyayo asikione. Alipoolewa na Nyangau, mwana wa Mzee Makori, hofu ikapata kazi ya kweli. Nyangau alikuwa fundi wa mawe huko Kericho na alionekana mwisho wa mwezi. Mimba ya kwanza iliharibika kabla hajapata mtu wa kumwambia. Ya pili iliharibika wakati wa kuchuma pareto, akiwa na kikapu mgongoni. Wanawake kisimani hawakumwambia neno. Waliambiana wao kwa wao, kwa sauti ya kutosha masikio mawili zaidi.

"Tumbo halikai mahali heshima ilipotoka," alisema mmoja akiinua mtungi.

"Labda alimpita mzee njiani bila kujificha."

"Labda."

Hapo ndipo mtu asiyejua mila za Abagusii anapaswa kuelewa. Mke wa mwana na baba mkwe wake hawagusani, hawatazamani usoni, hawaketi mahali pamoja, na jambo lolote la mwili halitajwi wala kuonyeshwa kati yao. Haya hiyo inaitwa chinsoni, nayo ni ukuta. Mzee Makori aliijua kazi yake: kila alipokaribia nyumba alikohoa kutoka langoni, kikohozi kirefu cha kupasua jiwe, ili mke wa mwanawe apate muda wa kuondoka. Kemuma naye alijua yake. Kwenye chumba cha mzee, chumba cha mbele chenye kigoda chake na fimbo zake, hakuwahi kutia hata kidole cha mguu. Ukuta huo ukibomoka, wazee huketi, mnyama huchinjwa, na mwanamke anaweza kurudishwa kwao mpaka mambo yatakaswe. Akiwa na mimba, ndio kabisa. Kila mtu alijua mimba hukaa ndani ya heshima kama yai ndani ya ganda.

Na mwaka ule wa sitini na tisa, Kemuma alikuwa na mimba ya tatu.

Drusilla, dada yake Nyangau, alikuwa amepata mchumba karani bandarini Mombasa, kijana wa Nyamache, mwana wa Mzee Onsongo. Wageni wangekuja kiangazi kuleta ng'ombe. Drusilla alikuwa msichana mwenye mdomo mwepesi na miguu myepesi kuliko mdomo. Alifika jikoni kwa Kemuma na kalenda ya duka la nguo la mjini Kisii, akaitandika juu ya magoti ya wifi yake.

"Nataka viti vyote vya baba vivae hii," alisema. "Wakwe zangu wakiingia wajue nyumba hii inaifahamu bahari."

Kemuma aliitazama picha. Palikuwa na maji mengi yasiyo na adabu, yamekwenda mpaka yakagusa mbingu. Palikuwa na mchanga, mnazi, mtumbwi, na mbele kabisa Wazungu watatu, mwanamume na wanawake wawili, waliovaa vitu ambavyo vyote vikishonwa pamoja havingetosha kuziba mdomo wa kibuyu.

"Hawa wameibiwa nguo?"

"Hizo ndizo nguo, wifi. Za kuogelea."

"Na mama zao wanajua?"

Drusilla alicheka mpaka akashika ukuta. Kemuma hakucheka. Alikuwa amekwisha kuweka kiganja juu ya picha, akiwafunika wale watu.

Alivyobuni kazi ile hakufundishwa na mtu. Hakujua kuchora wala kuandika. Alichukua ungo, kwa kuwa ungo umesukwa kwa vijimraba, akasema kila mraba ni msalaba mmoja wa sindano. Kisha akapanga nafaka: mahindi meupe yawe mchanga, maharagwe mekundu yawe mtumbwi, na mbegu za mboga ya chinsaga, zile nyeusi ndogo zinazokimbia ukipumua, ziwe maji. Alipanga bahari nzima juu ya magoti yake bila kupiga chafya. Jogoo mmoja aliwahi kuingia akala mtumbwi na nusu ya pwani kabla hajafukuzwa, na Kemuma akaanza upya.

Alipomaliza ungo wa kwanza alimwita Drusilla. Drusilla aliinama, akatazama, akanyoosha kidole.

"Na hii migomba juu ni ya nini?"

"Ya ng'ambo."

"Ng'ambo gani? Bahari haina ng'ambo, wifi. Ukitazama huoni kitu."

Maji yote aliyowahi Kemuma kuyaona maishani yalikuwa na ukingo wa huku na ukingo wa kule, na ukingo wa kule palikuwa na migomba ya mtu na moshi wa jiko la mtu.

"Maji yasiyo na ng'ambo," alisema, "mtu akivuka anakwenda kwa nani?"

"Wewe ukifika mbinguni utamwuliza Petro kama lango lina bawaba nzuri."

"Nitamwuliza."

Migomba ikabaki. Kila kitambaa cha bahari kilichotoka mikononi mwake kilikuwa na ukanda mwembamba wa kijani kule juu, na hata leo wapo wazee huko Nyamache wanaobisha na wajukuu wao kwamba ng'ambo ya Mombasa kuna mashamba ya ndizi, waliyaona kwa macho yao.

Nyuzi zilinunuliwa kwa Mhindi mjini, vifungu vya buluu, vya njano, vya kijani, na kifungu kimoja cha rangi ya ngozi ya Mzungu aliyechomwa na jua. Hicho cha mwisho Drusilla alikinunua bila kuulizwa. Vitambaa vya viti vilipokwisha alikitoa kwenye mfuko.

"Sasa wale watu."

"Watu siwezi."

"Kimoja tu. Changu. Nitakiweka chini kabisa ya sanduku langu, nikafungulie Mombasa. Hakitaona mwanga wa boma hili."

"Ninayeshona ni mimi, Drusilla. Mkono ni wangu. Baba akiona mwili uliotoka kwenye mkono wangu..." Alishika tumbo.

"Nakuapia sanduku," alisema Drusilla. "Nakuapia na ufunguo."

Kemuma alikuwa mwoga wa kila kitu, na katika vitu alivyoviogopa kimojawapo kilikuwa kumkatalia mtu. Akashona. Alishona ameketi nyuma ya nyumba, mgongo kwa mzabibu mwitu, kila akisikia kikohozi anaingiza kitambaa kifuani. Walipokamilika, wale watatu walisimama majini mpaka kwenye magoti, wanene kidogo kwa sababu ya miraba, na nguo zao zilimchukua misalaba michache kuliko macho yao. Alivifua vitambaa vyote kwa sabuni ya mche, akavitia uji mwepesi wa unga ili vikauke vigumu, akavitandaza juu ya ua, kile kimoja akikianika kikiwa kimepinduliwa na kufunikwa kwa kingine. Akavipiga pasi ya makaa, akavipiga ukingo wa krosheti, akavikunja, na kile cha watu akakikabidhi kwa Drusilla mkono kwa mkono.

"Sanduku," alisema.

"Sanduku," alijibu Drusilla.

Wageni walifika jua likiwa kali na ng'ombe wakitoka jasho. Kemuma alikuwa jikoni tangu alfajiri. Kazi yake ilikuwa kupika na kumpitishia mama mkwe, Bonareri, vyakula mlangoni. Chumba cha mbele hakikuwa chake. Alinyoosha sinia la ugali wa wimbi, na juu ya bega la Bonareri jicho lake likaingia ndani bila ruhusa.

Kiti cha Mzee Makori kilikuwa katikati, mkabala na mlango. Mgongoni mwa kiti hicho, kimenyooshwa vizuri, krosheti ikining'inia, walisimama wale watatu.

Wanasema moyo wa Kemuma ulipiga kwa kishindo hata ng'ombe wa mahari wakatega masikio wakidhani kuna ngoma bondeni. Drusilla alikuwa kule ndani, amejipodoa, na macho yao yalipokutana aliinua mabega kidogo, kama mtu aliyesema, ni kizuri kuliko vyote, ningefanyaje.

"Lete sinia," alisema Bonareri. "Mbona unatetemeka? Utamwaga."

"Mama, kile kiti..."

"Kiti kina nini?"

Lakini kikohozi kilikuwa kimesikika, na Kemuma alilazimika kugeuka na kuondoka. Alisimama nje ya ukuta, sikio kwenye udongo. Alisikia kiti kikilia Mzee Makori alipoketi. Alisikia sala. Alisikia watu wakila. Kwa muda wote huo kichwa cha baba mkwe wake kilikuwa kimeegemea wanawake wawili walio uchi ambao yeye, mke wa mwanawe, ndiye aliyewaweka hapo. Mtoto tumboni, aliyekuwa ameanza kucheza majuma machache nyuma, alitulia tuli.

Kisha Mzee Makori aliinama mbele kuchukua maji ya kunawa, na Mzee Onsongo akauliza, "Makori, hao nyuma yako ni akina nani?"

Hata nzi walisubiri.

"Ni ubatizo, baba," ilisema sauti ya Drusilla, laini kama siagi. "Wifi yangu ameshona ubatizo."

Mzee Onsongo alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato huko Nyamache. Wasabato hubatiza mtoni, mtu anazamishwa mzima, na jambo hilo lilimgusa. Kiti chake kilisogea.

"Kweli wako majini. Lakini huyu mama mbona kama hana kanzu?"

"Imelowa, baba. Ikilowa inashika mwili."

"Hushika," alikubali Mzee Onsongo baada ya kufikiri. "Hushika sana. Basi nyumba hii ni ya wacha Mungu."

Kiti cha Mzee Makori kililia tena. Alikuwa amegeuka kutazama. Akatazama kwa muda ambao Kemuma, kule nje, aliuona mrefu kuliko msimu wa mvua. Mwishowe akasema maneno machache.

"Kitambaa hiki kisitoke katika nyumba yangu."

Siku ya pili alipigilia misumari mwenyewe, akakitundika kwenye ukuta wa chumba chake, juu ya kigoda.

Drusilla alikwenda Mombasa akicheka. "Yamekwisha," alimwambia Kemuma wakikumbatiana. "Baba amekipenda. Umeponea kwenye maji ya ubatizo." Lori likaondoka na vumbi lake, na Kemuma akabaki na hofu peke yake, bila mtu wa kugawana naye.

Yangekuwa yamekwisha kama kosa lingesemwa. Kosa likisemwa wazee huketi, hulitafuna, hulitema, na mtu hutakaswa. Hili lilikuwa limefunikwa kwa uongo, na uongo wenyewe umetundikwa ukutani. Kila asubuhi alipoamka alijua kwamba mzee ameamka pia, upande wa pili wa ua, na macho yake yameangukia kazi ya mkono wake. Kila siku ukuta wa haya ulikuwa ukibomolewa tofali moja. Na tumbo lilikuwa likikua. Ng'ombe akipiga teke ndoo, Kemuma alishika tumbo. Bundi akilia mchana, alishika tumbo. Mtoto akicheza sana aliogopa kwamba anapigana na kitu. Asipocheza aliogopa kwamba kitu kimeshinda.

Alijaribu njia ya sabuni. "Mama," alimwambia Bonareri wakichambua maharagwe, "kile kitambaa cha mwenye boma kimeshika moshi. Nipatie nikifue."

"Kiache. Mzee hapendi kiguswe."

"Kitaoza."

"Kitaoza akikitazama. Jioni hukaa hapo na tumbaku yake, anakitazama tu. Nimeishi naye tangu nikiwa msichana, hajawahi kunitazama hivyo." Bonareri alicheka kidogo kwa pua. Kemuma hakuwa na mahali pa kuweka cheko hilo. Maharagwe yalimtoka vidoleni.

Nyangau alipokuja mwisho wa mwezi alimweleza nusu. Nyangau, mtu wa mawe, alisema kitambaa ni kitambaa, akalala. Kisimani wanawake walitazama tumbo lake na kuhesabu kwa macho. Hakuna aliyesema neno, na hilo lilimtisha zaidi.

Ndipo akawaza jambo ambalo mtu jasiri asingeliwaza. Kama hawezi kukiondoa, angewavisha wale watu pale pale walipo. Angewashonea kanzu nyeusi, ndefu, mpaka majini, kanzu za ubatizo wa kweli. Uongo wa Drusilla ungekuwa ukweli, na ukweli hauhitaji kutakaswa. Lakini ili kuwavisha ilibidi aingie kwenye chumba cha baba mkwe, jambo ambalo peke yake lilitosha kumrudisha kwao. Siku nyingi alipima hofu hii na hofu ile, kama mtu anayepima mizigo miwili kichwani, na zote mbili zilimvunja shingo.

Siku moja ya Sabato, boma zima liliposhuka kanisani, alisema mgongo unamuuma. Alingoja mpaka nyimbo ziliposikika kutoka bondeni. Akachukua sindano, akachukua kifungu cha uzi mweusi, akavuka ua.

Mlangoni alisimama mpaka kuku wakachoka kumtazama. Kisha akaingia.

Chumba kilinuka tumbaku na ngozi. Kitambaa kilikuwa juu, naye akiwa na tumbo lake hakukifikia, ikabidi apande kigoda cha mzee, kigoda ambacho hata wajukuu hawakukalia. Alikipanda akiomba msamaha kwa kila mguu wake. Hakuthubutu kung'oa misumari. Alishona pale pale, akipenyeza sindano kwa pembeni, akikifinya kitambaa kati ya vidole. Alianza na mwanamke wa kulia. Kanzu ilishuka msalaba kwa msalaba, mabega, kifua, kiuno, magoti. Akashika pumzi, akamvisha wa pili. Jasho lilimwingia machoni. Akaanza kwa mwanamume, akafika begani.

Kikohozi kikasikika langoni.

Kilikuwa kile kile, kirefu, cha kupasua jiwe. Nyimbo bado ziliimbwa bondeni. Ibada haikuwa imekwisha. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja upande huo, na mlango huo ulitazama lango. Kemuma alishuka kigoda, akajibanza nyuma ya kihenge cha wimbi kilichokuwa kwenye kona, magoti yakigusa tumbo, sindano mkononi. Wakati huo tu ndipo alipoona. Hakuwa amekata uzi. Uzi mweusi ulitoka begani kwa mwanamume wa ukutani, ukashuka, ukavuka chumba kizima hewani, ukaingia nyuma ya kihenge mpaka kwenye vidole vyake. Akiuvuta kitambaa kingetikisika. Akiuachia ungeanguka kifuani kwa mzee.

Mzee Makori aliingia. Kuku mmoja aliingia nyuma yake, kama kawaida ya kuku wa boma lile. Mzee akasimama. Kemuma alizuia pumzi mpaka akaona nyota. Mtoto tumboni alipiga teke kihenge, na wimbi likachuruzika kwa sauti ndogo kama mvua.

Mzee alitazama kigoda kilichosogezwa. Akatazama ukuta. Akautazama uzi, akaufuata taratibu kwa macho, kutoka ukutani, katikati ya chumba, mpaka kwenye kona. Hakuugusa. Aliinama akapita chini yake, mtu mzima na fimbo yake, kama anayepita chini ya kamba ya nguo za mtu. Akageuza kiti kikatazama mlango, mgongo kwa kona, akaketi.

"Kuku," alisema.

Kuku alinyanyua kichwa.

"Kuku, nina maneno, na sina mtu wa kumwambia humu ndani, kwa kuwa humu ndani hamna mtu. Nitakuambia wewe."

Kuku alidonoa wimbi lililomwagika.

"Wakati wa vita vya Hitila walituchukua tukiwa vijana, wakatuweka Mombasa tungoje meli. Tulingoja mpaka chawa wetu wakajua Kiingereza. Pale ufukoni Wazungu walikuwa wakioga, wake kwa waume. Kwa hiyo, kuku, najua anayebatizwa na najua anayeoga. Onsongo hajui, na ni vizuri asijue. Ng'ombe wake ni wanene." Akakohoa kidogo. "Siku ile ningesema, kosa lingepata jina. Likipata jina linaita wazee, na wazee wanaita kondoo, na aliyeshona anarudi kwao na tumbo lake kwenye barabara yenye mawe. Mimba mbili zimekwisha kumwagika katika boma hili. Nikasema, lisipewe jina. Nikalitundika, nikaketi chini yake nikangoja. Nilisema, aliyewavua atakuja kuwavisha."

Bondeni wimbo ulibadilika.

"Nimengoja sana, kuku. Nikaanza kujiuliza kama mtu huyo hana hofu."

Nyuma ya kihenge Kemuma, ambaye tangu azaliwe hakuwa na kitu kingine ila hofu, alifungua mdomo akaufunga.

"Leo nikaona kanisani mtu fulani hayupo. Nikatoka kabla ya mahubiri. Nilikohoa kwa nguvu langoni, maana mtu hakohoi hivyo kwa nyumba tupu." Akachukua kofia yake, akaishusha mpaka kwenye kidevu, uso wote ukazama ndani. "Na sasa mimi ni mzee, nimechoka, nalala. Lakini ninavyokumbuka kule Mombasa, wanaume nao walikuwa na mabega mawili."

Akaegemea kiti.

Kemuma hakusogea. Mambo yote aliyoyaogopa maishani yalikuwa ndani ya chumba hicho, na yote yalimtaka asimame. Aliposimama kihenge kililia. Kofia haikutikisika. Alipanda kigoda tena, mgongo wa baba mkwe ukiwa hatua chache nyuma yake, karibu kuliko alivyowahi kuwa naye tangu aolewe. Sindano ikamchoma kidole, ikamchoma tena. Alishona bega la pili. Akateremka kifuani. Pumzi za mzee zilisikika ndani ya kofia, na Kemuma hakujua kama ni pumzi za mtu aliyelala au za mtu anayesikiliza uzi ukipita. Alivisha kiuno, akavisha magoti, akafika majini. Akafunga uzi, na kwa kuwa hakuwa na makasi akaukata kwa meno, na mlio wake ulikuwa mkubwa masikioni mwake kama mti uliokatika.

Akashuka. Alikirudisha kigoda mahali pake. Mlango ulikuwa mbele ya kiti, naye ilibidi apite hapo. Alipita akiwa amejifunika uso kwa leso, akisugua ubavu ukutani. Kofia iliendelea kupumua. Alipofika nje alikimbia, akiwa na tumbo lake lote, na majirani waliokuwa wakirudi kanisani walidai baadaye kwamba waliona vumbi tu, mtu hawakumwona.

Wazee hawakuitwa. Kondoo hakuchinjwa. Mzee Makori hakutaja jambo hilo kwa mtu wala kwa kuku mwingine. Hata hivyo Kemuma hakupata usingizi, kwa sababu msamaha usiosemwa nao hutisha: hujui umefika wapi. Aliingia miezi ya mwisho akitembea kama aliyebeba maji kwenye jani.

Uchungu ulimshika asubuhi ya mvua, wakati wa kuchuma pareto, msimu ule ule uliomnyang'anya yule wa pili. Bonareri alifunga mlango, akachemsha maji, akamshika mabega. Mtoto alikuja polepole, na alipokuja alikuwa kimya. Bonareri alimgeuza, akampangusa mdomo, akampuliza. Kimya. Kemuma, amelala kwenye ngozi, hakuuliza. Alitazama paa, na mdomo wake ulihesabu misalaba bila sauti, bega, kifua, kiuno.

Kisha mtoto alikohoa, akalia, kilio chenye hasira cha mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Alikuwa msichana. Nje, mahali fulani ng'ambo ya ua, mzee mmoja aliyekuwa amesimama kwenye mvua bila sababu alirudi ndani kwake.

Siku nzima Kemuma alimweka mtoto kifuani, sikio lake juu ya mbavu ndogo, akisikiliza pumzi ikienda na kurudi. Alipoletewa uji hakunywa. Alipoambiwa alale hakufumba macho.

"Amezaliwa mzima," alisema Bonareri. "Mzee ametuma kuku wa mchuzi. Sasa unaogopa nini tena?"

"Mama, zamani niliogopa bure. Sasa ndiyo nina mtu wa kumwogopea."

Bonareri alimsogezea bakuli, akamwinua mtoto kidogo ili apate ziwa.

"Basi ogopa ukinyonyesha," alisema. "Uji unapoa."